Bi Lakiri na Jina Lililotembea Peke Yake

Sasa hivi tu mwanangu ametumbukiza kiganja kizima kwenye pedi ya wino, akakibandika juu ya karatasi niliyokuwa nimeanza kuandika. Vidole vyote vimetoka vizuri, hata mikunjo inaonekana. Akanitazama kuona kama nitakasirika, na alipoona sijui nifanye nini akacheka mpaka akaanguka kwa makalio. Nimemfuta kwa kitambaa, nimechukua karatasi nyingine, naanza upya.

Leo, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, karani mkuu wa masjala ya mahakama yetu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kwenye jalada lake la ajira ana jina refu, zuri, la kutamkwa kwa heshima. Sisi tunamwita Bi Lakiri, na yeye huitika.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na Msajili. Asubuhi hii amepita na mafaili yake kwapani akaniambia, "Mama Kichanga, andika wewe, wewe ndiye uliyekaa naye karibu. Usiogope." Mtu mkubwa akishakuambia usiogope, hapo ndipo unapoanza. Mimi shule niliishia kidato cha pili, na maneno yangu mengi nimeyaokota humu humu masjala kwa kusikiliza. Lakini Kaka Stepla, karani mwenzetu wa kuskani majalada, amesimama mlangoni na anasema mashine ya nakala imeshapata moto, vijitabu vya sherehe vinasubiriwa, na popote nitakapokuwa nimefika atainyakua karatasi. Basi naandika mbio, na mkinikuta nimekosea mnisamehe.

Bi Lakiri aliingia hapa akiwa msichana wa kupiga taipu. Siku hizo bahasha za mahakama zilifungwa kwa lakiri, ile nta nyekundu inayoyeyushwa kwa moto kisha inagandamizwa muhuri, ili mtu akiifungua njiani ijulikane. Katika wiki yake ya kwanza aliidondosha nta ya moto kwenye meza ya hakimu. Doa lipo mpaka leo, mkitaka mkalione, liko karibu na kona ya kushoto na linafanana na kuku aliyelala. Jina likamganda hapo hapo. Anasema hakimu hakumgombeza, alimwangalia tu. "Angenigombeza ningepona mapema," husema Bi Lakiri. "Yale macho ndiyo yaliyonitia woga mpaka leo."

Mimi nilidhani ni utani wake. Baadaye nikaona kwamba kweli mama huyu hakuwahi kutia muhuri hata mara moja bila kuogopa. Alikuwa akituambia, "Siku utakayotia muhuri huku unawaza mboga ya jioni, ujue umeshamwonea mtu ambaye hata humjui." Na kwa woga huo akatengeneza utaratibu ambao kila aliyepita masjala hii anaukumbuka, awe karani, wakili au mlalamikaji aliyekalia benchi letu mpaka likamtoboa suruali.

Utaratibu wenyewe ni kusomeana. Waraka hautoki hapa mpaka karani mmoja ausome kwa sauti kutoka kwenye nakala, na mwingine afuate kwa kidole kwenye asili. Kila kituo, iwe nukta au mkato, kinatajwa. Mwisho wa kila mstari anayefuata kwa kidole anajibu, "Twende." Asipojibu, hamwendi. Mawakili walikuwa wakimtania.

"Bi Lakiri, hapa ni mahakamani au ni darasa la kwanza?"

"Ni kote kuwili, wakili. Kaa usubiri. Mkato. Twende."

Wapo waliokasirika, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi akisema nakala yake ina kosa. Kwa miaka yote hiyo! Hilo naliandika likiwa la kwanza katika sifa zake, na kama nafasi itakwisha basi libaki hilo.

Kisha ukaja mfumo.

Tuliitwa ukumbini, akaja mwalimu kijana mwenye viatu vinavyong'aa, akatugawia kila karani kitu ambacho ukikitazama ni flashi ya kawaida ya kuchomeka kwenye kompyuta. Akatueleza kwamba hiyo ndiyo saini yetu kuanzia sasa. Unachomeka flashi, unaandika namba yako ya siri, na waraka unafungwa kwa jina lako. Atakayeupokea, hata awe mbali kiasi gani, akiukagua kwenye mfumo anaona tiki ya kijani na jina la aliyesaini. Mtu akibadilisha hata herufi moja baada ya hapo, tiki inageuka alama nyekundu. Akatuonyesha kwa kufuta nukta moja tu. Nyekundu hiyo! Ukumbi mzima tukaguna.

Bi Lakiri akamwomba arudie. Akarudia.

"Kwa hiyo inajua kama waraka umeguswa."

"Inajua, mama."

"Na inajua kama aliyesaini ni mimi?"

"Inajua ni flashi yako na namba yako."

"Mwanangu, nimekuuliza kama inajua ni mimi."

Mwalimu akacheka, na sisi tukacheka, tukaenda kunywa soda. Yeye peke yake hakucheka. Alirudi masjala akaifunga ile flashi ndani ya leso kama mtu aliyepewa yai la kulinda.

Lakini woga nao huzoeleka, na hapo ndipo tulipokosea, kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na watu wa masjala tu. Sisi tumelelewa na muhuri. Muhuri ni wa meza, hauondoki mezani, anayekaa hapo ndiye anayeupiga. Basi flashi nayo, baada ya kukaa lesoni kwa muda, ikahamia kwenye kompyuta ikabaki imechomekwa tangu asubuhi hadi kufunga. Na kubwa kuliko hilo ni namba ya siri. Mtu aliyesoma kila kitu kwa sauti tangu ujana wake hawezi kuandika tarakimu akiwa amefumba mdomo. Kila asubuhi Bi Lakiri alikuwa akiiandika namba yake hivi: "Saba." Na Kaka Stepla, bila hata kuinua uso kwenye mashine yake: "Twende." "Mbili." "Twende." "Mbili tena." "Twende." Mpaka mwisho. Na benchi la wateja liko hapo mbele ya kaunta, limejaa watu.

Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa kama redio asubuhi, unaisikia bila kuisikiliza.

Sasa niseme habari ya stoo, kwa sababu bila stoo mambo mengine hayataeleweka. Mimi ni karani wa mkataba. Nilipojifungua, mama mkwe alikuwa abaki na mtoto, lakini akaanguka, mguu ukavunjika, na sikuwa na mwingine. Kanuni inasema mtoto haingii masjala. Nilikuja kwa Bi Lakiri kumuaga, niache kazi. Akanisikiliza huku anapanga majalada, kisha akasema, "Mlete." Nikamuuliza, Msajili akijua je? "Msajili stoo haingii, anaogopa panya. Mlete."

Basi mwanangu akawa analala stoo, kwenye boksi la mashauri yaliyokwisha, nami kila saa ya chai naingia kumnyonyesha. Bi Lakiri alikuwa akisimama koridoni, nje ya mlango, kulinda, wenzetu wakiwa wameenda chai. Msajili akipita alikuwa anakohoa kikohozi kimoja kikavu tulichokiita kikohozi cha serikali, nami huku ndani nabana hata pumzi. Karani mkuu mzima, anaacha chai yake ipoe kwa ajili ya mtoto wa kibarua. Sitalisahau hilo, na sitaki mwanangu akikua alisahau.

Ilikuwa siku ya kawaida simu ya masjala ilipolia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi. Bi Lakiri huweka simu kwenye spika kwa sababu sikio lake moja limechoka, kwa hiyo wote tulisikia.

"Samahani kwa usumbufu. Kuna bwana yuko hapa ofisini kwangu na amri ya mahakama. Inasema amekabidhiwa mtoto na anataka kuondoka naye sasa hivi. Nimeikagua kwenye mfumo, imeleta tiki ya kijani. Kila kitu kiko sawa."

"Kama kiko sawa mbona unapiga, mwalimu?"

"Mtoto amejificha chini ya meza yangu. Hataki kutoka."

Bi Lakiri akaisogeza simu karibu. "Nisomee," akasema.

Mwalimu akasoma. Lilikuwa shauri la mtoto wa darasa la pili, yatima, anayelelewa na shangazi yake. Jamaa mmoja wa upande wa mama alikuwa anamtaka. Shauri lenyewe tulilijua, lilikuwa bado linasikilizwa, na yule shangazi tulikuwa tukimwona hapa kila tarehe shauri lake lilipotajwa, mama mwembamba asiyekaa, husimama tu na mkoba kifuani. Mwalimu akasoma mpaka chini: nakala halisi ya amri, imethibitishwa na karani mkuu wa masjala, na jina. Lile jina refu zuri.

Nilimwona Bi Lakiri akishika ukingo wa meza.

"Soma tena hapo mwisho."

Mwalimu akasoma tena. Jina lilikuwa lile lile.

"Mwalimu, huyo mtoto asitoke chini ya meza. Mimi waraka huo sijausoma. Mimi siwezi kusaini kitu ambacho sijakisoma. Funga mlango, ita polisi."

Mtoto hakwenda popote, namshukuru Mungu, na yule mwalimu popote alipo Mungu amlinde. Bi Lakiri alipoikata simu aliivaa miwani yake, akageukia kompyuta. Akafungua mfumo, akaangalia. Amri ya uongo, na saini ya kweli. Kijani kabisa. Imetiwa siku iliyotangulia, saa ya chai.

Kuanzia hapo masjala yetu ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa. Hakuna aliyepandisha sauti. Watu walikuwa wanaangalia flashi zao kama wanaangalia nyoka. Kaka Stepla, ambaye hanyamazi hata akiwa na jino bovu, alikuwa anaskani bila neno. Mimi maziwa yalipungua, mtoto akawa analia stoo, na kila akilia namwangalia Bi Lakiri. Kwa sababu nilijua, na Bi Lakiri alijua, alikuwa wapi saa ile ya chai.

Alinivuta kando karibu na kabati la rejesta za zamani. "Mama Kichanga, wewe usifungue mdomo wako. Mimi naondoka, wewe ndiyo unaanza. Umesikia?"

"Lakini bibi, watasema ni wewe."

"Umesikia?"

Nikaitikia nimesikia.

Mkaguzi alikuja kutoka makao makuu, mtu mpole wa sauti, na upole wake ulitutisha kuliko makelele. Alitukusanya wote hapa hapa masjala, Msajili pembeni, akafungua kompyuta yake akaigeuzia kwa Bi Lakiri.

"Mama, nakuheshimu sana, nimesikia habari zako. Lakini saini hii si ya kughushi. Nimeipima. Flashi ni yako, namba ya siri ni yako, waraka haukuguswa hata nukta baada ya kusainiwa. Kama si wewe, niambie ulikuwa wapi saa ile."

"Sikuwepo mezani."

"Ulikuwa wapi?"

Bi Lakiri akaikunja leso yake.

"Mama, hili likiandikwa hivi lilivyo, hustaafu. Unafukuzwa, utumishi wako wote unafutwa, na jalada linakwenda polisi. Ulikuwa wapi?"

"Andika sikuwepo mezani," akasema Bi Lakiri. Hakunitazama hata kidogo. Alikuwa anaangalia ukutani kwenye kalenda, na shingo yake imenyooka, lakini niliona leso mkononi mwake imelowa jasho.

Sijui kama nilisimama au nilisukumwa. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Alikuwa ananishikia mlango."

"Mlango gani?"

"Wa stoo. Nanyonyesha."

Msajili akageuka. Mkaguzi akaangalia stoo, akaniangalia mimi, na mwanangu, ambaye sijui alikuwa anasubiri nini, akalia huko ndani. Bi Lakiri akafumba macho. "Nilikwambia nini mimi?" akasema polepole, kwa uchungu, kama mama aliyeona mwanawe amevunja sahani.

Mkaguzi akaandika mstari mmoja. Kisha akauliza, "Basi aliyesaini alikuwa na namba yako ya siri. Nani mwingine anaijua?"

"Hakuna," akasema Bi Lakiri, kwa moyo wake wote. "Ni siri."

Sasa, wakati huo mama wa chai alikuwa ameingia na sinia, naye hapendi kupita kimya penye watu. Akaweka kikombe cha kwanza mbele ya mkaguzi. "Saba, twende," akasema. Akaweka cha pili. "Mbili, twende. Mbili tena, twende." Akaenda hivyo hivyo mpaka vikombe vikaisha na namba ikaisha.

Mkaguzi akavua miwani. "Wewe umeijuaje?"

"Si huwa wanaiimba kila asubuhi? Hata mlinzi wa geti anaijua. Hata wateja. Mimi nilidhani ni sala."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Tumecheka baadaye, sana, lakini wakati ule kila mmoja alikuwa anajiona yeye ndiye aliyemwangusha. Kaka Stepla alishika kichwa. "Na mimi ndiye niliyekuwa najibu twende," akasema, na machozi yakamlenga, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Iliulizwa nani aliingia masjala siku ile saa ya chai, na mlinzi akamkumbuka fundi mmoja wa kompyuta aliyesema anakuja kufuta vumbi kwenye mashine. Huyo na yule jamaa wa mtoto shauri lao liko mbele ya hakimu, kwa hiyo mimi sitatia neno. Bi Lakiri hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo kwa kuacha flashi mezani na kutaja namba hadharani, onyo la kwanza katika utumishi wake wote. Aliisoma hapo hapo kwa sauti, na vituo vyake vyote, na Kaka Stepla bila kufikiri akajibu, "Twende." Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza.

Kuhusu mimi, Msajili alisema suala la mtoto stoo atalifikiria. Bado analifikiria. Kama anasoma hapa, naomba aendelee kulifikiria taratibu.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo na Bi Lakiri akapona. Hakupona. Baada ya siku chache yule shangazi alikuja dirishani, na mkoba wake kifuani kama kawaida. Hakupiga kelele. Tungependa angepiga. Alimwangalia Bi Lakiri, akamuuliza, "Kwa hiyo jina lako linaweza kutembea peke yake, bibi, likafika mpaka shuleni kwa mtoto wangu?"

Bi Lakiri, ambaye ana jibu kwa kila wakili, akafungua droo akaanza kuipanga.

"Kuanzia leo karatasi zangu asaini mwingine," akasema yule mama. Na ikawa hivyo. Kila akija, Msajili ndiye anasaini, naye Bi Lakiri anajishughulisha na droo mpaka mama yule aondoke. Nilimwambia siku moja, bibi, si wewe uliyemkosea, ni wale. Akanijibu, "Miaka yote watu walikuwa wanachukua karatasi yangu wanaondoka bila kugeuka nyuma. Yule anageuka. Naogopa nitaondoka hapa, na kitakachobaki nyuma yangu ni yale macho yake." Hilo ndilo limekuwa likimtafuna miezi hii ya mwisho. Cheo hakikumshughulisha wala sherehe, alitaka tu kuondoka jina likiwa zima.

Lakini hakukaa kulia. Aliandika kwa mkono wake kanuni za flashi, na zimebandikwa juu ya kila meza: haikai mezani, haiazimwi, inalala na mwenyewe. Mahakama nyingine zimeomba nakala. Alitufundisha mmoja mmoja kuandika namba kwa kufumba mdomo, na yeye mwenyewe ndiye aliyepata taabu kuliko wote, midomo ilikuwa inacheza tu, tukampa peremende awe anainyonya anapoandika. Nyaraka bado tunasomeana kwa sauti, hilo halifi. Na kila asubuhi tunaanza kwa kufungua orodha ya vilivyosainiwa jana na kila mmoja anatazama jina lake mwenyewe lilikopita. Wazo hilo lilikuwa lake. Analiita "kuhesabu watoto kabla ya kufunga mlango".

Meza yake nimepewa mimi niishike kwa muda. Flashi yangu nimeivaa shingoni, ndani ya nguo, na mwanangu akinyonya huwa anaishika. Naogopa, sitaficha. Naogopa siku nitakayokuwa nawaza homa ya mtoto na waraka wa mtu uko mbele yangu. Nilimwambia Bi Lakiri hivyo jana, nikitegemea atanipa moyo. Akasema, "Vizuri. Ukiacha kuogopa niite, nije nikutoe hapo mimi mwenyewe." Nimelala na maneno hayo nikayaona kuwa ni baraka.

Leo mchana, kabla ya sherehe, cheti chake cha saini, yaani ile ruhusa ya flashi yake kusaini, kinafungwa. Yule mwalimu kijana amekuja, viatu vile vile. Ameeleza kwamba kikishafungwa, yeyote atakayejaribu kutumia jina la Bi Lakiri ataona nyekundu. Bi Lakiri akamuuliza, "Na zile nilizosaini mwenyewe, zamani?"

"Hizo zinabaki kijani, bibi."

"Hata nikifa?"

"Hata ukifa."

Akaitikia kwa kichwa, akaja hapa akamchukua mtoto, ameingia naye stoo. Anasema anamuaga na panya.

Bi Lakiri, kwa niaba ya masjala, ya mlinzi, ya mama wa chai na ya benchi lile lililokusikia kuliko sisi, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba kila karatasi ina mtu nyuma yake anayesubiri huku hajala. Umetusomea, umetugombeza, umetukoholea. Tunakutakia huko nyumbani uamke bila woga, unywe chai yako ikiwa ya moto, wajukuu wakukalie mapajani na usisome chochote kwa sauti isipokuwa hadithi zao. Na siku ukipita hapa usikae benchi, ingia ndani moja kwa moja, maana mlango ule wewe ndiye uliye

Samahanini, naitwa. Kaka Stepla anapiga kelele kutoka dirishani: "Mama Kichanga, weka kalamu chini! Yule shangazi amekuja, hukumu imetoka, mtoto amepewa yeye, anataka nakala. Msajili katoa flashi yake asaini, mama kakataa! Anasema, 'Nataka ya Bi Lakiri, nimwone kwa macho yangu akiitia.' Mwite haraka, mwalimu kijana ameshafungua mfumo akifunge cheti chake!" Sasa mwenyewe yuko stoo na mtoto, lile sikio lake lililochoka halijasikia, wacha nikimbie nikamwambie, na akijua ni yule mama ata